Uzi wa Buluu Pembeni

Agbozume, siku ya pili baada ya soko

Dada yangu Yawa,

Umeamkaje huko Lome? Watoto wameamka? Na magoti, bado yanakulilia mvua ikikaribia? Sisi tumeamka, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu haujaketi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nivumilie mwandiko, unajua shule niliachia darasa la tatu.

Uliuliza habari za Elikem. Huyu mwanangu, mwanao pia, bado anafuma. Ule ugonjwa wake wa akili, wa kupanda na kushuka, umetulia tangu aanze vidonge vya kliniki, mwaka sasa. Lakini dada, huo utulivu mimi siuamini. Akicheka sana na wenzake, nasema haya, anapanda. Akila kimya, nasema anashuka. Akienda kazini naingia chumbani kwake nahesabu vidonge. Hata kikombe chake nanusa, nisije nikakuta pombe. Mwenyewe hunitania, eti, "Mama, polisi wa mpakani wakikujua watakuajiri." Nacheka, kisha nahesabu tena.

Mwezi uliopita Efo Kodzo, fundi mwenye banda la kufumia, alimpa kazi kubwa: nguo ya mazishi, vipande ishirini na vinne. Elikem akachangamka, akawa anaimba akioga. Nikaenda bandani kumnong'oneza Efo Kodzo amtazame, maana mara ya mwisho alipoanza kuimba hivyo aligawa nguo za wateja bure njiani. Efo Kodzo akanijibu kwa sauti, "Da Abla, kwenu mtu akiimba bafuni ni mgonjwa? Basi mke wangu tumfunge kamba!" Banda zima likacheka. Lakini jioni akamnyang'anya nusu ya kazi, akampa mwingine. Elikem hakuuliza nani kasema.

Siku chache baadaye nikakuta kipande cha nguo chini ya godoro lake, chembamba kama kiganja, kirefu kunishinda mimi. Wewe ni binti wa mfumaji kama mimi, unajua nguo yetu ina mpango na ina jina. Hiki hakikuwa na mpango. Nyeupe, nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyeusi, na pembeni kiuzi cha buluu kinaingia, kinatoka. Mwaka ule alipougua vibaya alifuma hivyohivyo. Nikasema, kumbe! Ugonjwa wake kaulalia, anatuficha.

Siku ya kliniki alikitafuta. Akapindua chumba, nami nikapindua naye, nikainua mikeka, nikawalaumu panya. Tulipofika, nesi akamwomba "lile daftari lako la nyuzi." Kumbe Elikem, kwa kuwa hapendi kuandika, kila siku hufuma mstari mmoja: mweupe siku aliyolala na kufanya kazi vizuri, mwekundu siku kichwa kinapomkimbia, mweusi siku aliyoshindwa kuinuka. Nesi alitaka kumpunguzia vidonge, maana vinamtetemesha mikono na mfumaji ni mikono. Bila kipande, akasema, wangoje miezi mingine.

Ulimi ukaniponyoka, nikauliza, na buluu? Elikem akainamisha kichwa. "Hiyo si ya ugonjwa, mama. Hiyo ni siku uliyonichunguza."

Dada, nyekundu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Buluu ilikuwa karibu kila mstari.

Panya hawana kosa. Ni mimi niliyekitia motoni, chini ya chungu cha ugali wetu wa akple, nikakisimamia mpaka kikawa majivu. Mwaka mzima wa mwanangu. Hili nimekwambia wewe kwanza, yeye bado.

Ameanza kipande kipya. Kina mistari mitano, yote myeupe, na pembeni hakuna kitu, maana nimejifunga mikono. Wa sita ataufuma leo akishakula. Nataka nimwambie kabla hajaufuma. Najua uzi wa buluu utarudi, au ataleta rangi nyingine ambayo sijaiona bado. Na alete. Siwezi kukaa nakitazama kipande kikiwa safi pembeni ilhali najua nilichofanya.

Shemeji mpe salamu zangu, na wale mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie uzi mweupe wa soko la kwenu, ule usiochuja.

Nasikia baiskeli yake mlangoni. Niombee.

Mdogo wako,
Abla