Futi ya Mama na Majina Yaliyovuka Barabara

Bweni la wafanyakazi, chumba namba 9,
Nyuma ya ghala la fanicha.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Pacha,

Pokea salamu za kaka yako wa mbali. Hujambo wewe? Pacha hawajambo? Nasikia yule wa pili ameanza kutambaa kinyumenyume. Mwacheni, atafika tu. Na mguu wa shemeji umepona? Mwambie aache kupanda ngazi kwa kujionyesha. Mimi nipo, ila mgongo unanidai haki yake kila asubuhi. Juzi tulibeba kabati la milango mitatu hadi ghorofa ya sita, lifti imekufa, na mwenye kabati yuko nyuma yetu akisema, "Polepole, polepole," kana kwamba tulikuwa tunakimbia. Lakini nakula, nalala, sijambo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya dukani kwako husikilizwa na kila anayekuja kutiliwa zipu. Barua hii anaileta fundi bomba wa chumba cha jirani, anakuja likizo. Ameniahidi kuiweka mkononi mwako Jumamosi. Isome kabla ya Jumatatu, kabla yule wakala wa programu hajarudi, maana kuna jambo nataka kulifuta.

Ule ujumbe wa sauti nilioutuma, ule wa "Chukua! Chukua yote, na kivuli chake ukikipata uchukue!", sahau. Nilikuwa juu ya lori, hasira zimenipanda, na nilipaza sauti mpaka nyapara wetu, ambaye tunamwita Kengele, akauliza nani kafiwa. Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Hasira hazijapungua hata kidogo. Zimepata akili tu.

Ngoja niyapange yote, maana nisipoyapanga nachemka bila kuiva.

Binamu yetu Mpole nilikuletea mimi. Nilipokuwa naondoka nilikwambia, mweke mezani apokee wateja, ana ulimi mtamu, na ni mtoto wa shangazi, si mtu baki. Kosa hilo nalala nalo. Miaka minne alikaa kwenye kiti changu, akifungua daftari lako, akiuliza watu habari za watoto wao kama padri. Wewe ukaenda kujifungua. Uko wodini, pacha hawana hata siku mbili, yeye anabeba daftari la vipimo vya watu mia tatu na zaidi, anavuka barabara, anafungua duka lake mlango ukitazamana na wako. Hata rangi ya kibao ameiga. Nikikumbuka hapo, hata sanduku zito huwa jepesi mikononi.

Sasa unataka programu ya simu ya kuwekea wateja, ili lisitokee tena, na umeniuliza mimi kwa sababu kampuni yetu inatumia. Mimi niliishia darasa la sita, mdogo wangu. Ila programu hizo nimezibeba mfukoni miaka mitano na nimeona zinavyotuumbua, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo ya kwanza, kubwa, yenye picha za watu wamevaa tai wakicheka, achana nayo. Ofisi yetu ilinunua ya namna hiyo. Ina visanduku ishirini vya kujaza kabla haijakuruhusu kwenda mbele. Mtu una godoro begani, simu inakuuliza mteja kazaliwa lini! Tulikuwa tunabonyeza chochote. Basi wateja wetu wote wakazaliwa tarehe mosi Januari. Ilipofika siku hiyo ofisi ikatuma heri ya kuzaliwa kwa watu mia nne kwa mkupuo, wakiwemo marehemu wawili. Meneja alitukana mpaka akakaukiwa. Programu ikikuuliza usichokihitaji, utaidanganya, na ukishaanza kuidanganya ni bora urudi kwenye daftari.

Hiyo ya pili, ya wakala, ndiyo iliyonikosesha raha.

Umenieleza alivyofanya. Kaweka simu juu ya meza yako ya kukatia, kafungua orodha, kasema jirani yako wa ng'ambo ni mteja wetu, ona inavyopendeza. Ukaanza kuona majina. Mwalimu mkuu. Mama wa duka la dawa. Ukafika kwa yule mzee wa mashine ya kusaga, na pembeni pameandikwa "bega la kushoto liko chini, usimwambie." Maneno yako mwenyewe! Uliyaandika kwa mkono wako ili usimwaibishe mzee wa watu, na sasa yanang'aa kwenye simu ya mwanamume mgeni. Halafu wakala anakwambia, "Mama, sema neno tu. Jumatatu nakumwagia wote humu. Hutaandika hata herufi."

Najua ulivyotamani. Mimi nilitamani zaidi yako. Majina yote mia tatu yarudi nyumbani kwa siku moja, na mwizi aibiwe! Nilicheka peke yangu nyuma ya lori kama mwendawazimu.

Ndipo nikakumbuka futi ya Mama, ile ya kupimia nguo.

Unakumbuka siku niliyosahau pasi juu yake. Moshi, harufu, Mama akaja na mwiko. Ncha yote iliungua, nikachukua mkasi nikakata penye namba mbili ili kuficha ushahidi, na tangu siku hiyo jina langu likawa Pasi. Mama hakununua nyingine. Akatufundisha: futi hii inaanzia mbili, kwa hiyo andika unachokiona, na ukifika kwenye kitambaa toa mbili kichwani. Wewe ukairithi hivyo hivyo. Daftari lote lile, kifua, bega, mkono, shingo, kila namba ina inchi mbili za uongo ndani yake. Aliyejua ni Mama, ni wewe na ni mimi. Mpole alikuwa mezani akiuza maneno. Kukata hakuwahi kukata hata leso.

Alichukua daftari, akaacha futi ikining'inia kwenye msumari. Pumbavu.

Ndiyo maana yule mkuu wa manesi alikujia analalamika! Ulinisimulia kama kichekesho, hukuona ulichokishika. Sare arobaini zilizoshonwa ng'ambo, mikono inafika kwenye vidole, mabega yanadondoka, shingo inaingia ngumi. Alikwambia, "Dada, manesi wangu wanatembea wodini kama wamevaa nguo za kaka zao." Mafundi wa Mpole hawana kosa. Wamekata walichoandikiwa. Na Mpole, kwa jeuri yake, amezichukua namba zile akaziingiza zote kwenye programu, moja baada ya nyingine, tena nasikia alijifungia wiki nzima akifanya kazi hiyo. Aliingiza sumu kwa mikono yake na akaifungia kwa nenosiri.

Sasa fikiria wakala akumwagie orodha hiyo. Humo mna namba za daftari, zenye mbili za ziada. Mna na namba mpya ambazo mafundi wake wamepima kwa futi nzima. Zote zimekaa pamoja, hazina alama. Utatoa mbili kwa nani, utaacha kwa nani? Utashona shati la mwalimu mkuu likambane kama soksi, na siku hiyo utakuwa umemsaidia Mpole kukumaliza. Tena anayekufungulia dirisha la jirani leo, kesho atamfungulia jirani dirisha lako. Jumatatu wakala akija, mpe kiti, mpe maji, mwambie hapana. Usimgombeze. Usimwambie Mpole kwamba orodha yake inatembezwa mitaani. Usimwambie lolote kuhusu futi. Waache waendelee kupendana.

Hicho ndicho kisasi ninachokitaka, Mama Pacha. Nataka kila mteja aliyemfuata ng'ambo avae nguo inayopwaya, ajitazame kwenye kioo, avuke barabara kurudi kwako kwa miguu yake mwenyewe. Nataka Mpole abadilishe mafundi, abadilishe mashine, alaumu uzi, alaumu wachawi, asijue hata siku moja.

Chukua hiyo ya tatu, ndogo, isiyo na mbwembwe. Umesema inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na kila mtu anaingia kwa nenosiri lake. Hilo la pili ndilo la maana. Msichana wako wa vifungo aone jina na siku ya kuchukua nguo, basi. Vipimo uvione wewe na fundi wa mashine. Na mtu akiacha kazi, unamfungia siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza kuaga. Hapa kwetu kuna mpakiaji aliyefukuzwa mwaka jana, na mpaka leo simu yake inapokea anwani za wateja. Hutucheka kila tukikutana.

Waulize pia kama siku ukiwachoka unaweza kutoka na majina yako yote. Wakianza kuzunguka, kimbia. Ijaribu mwezi mmoja kwa watu ishirini tu kabla hujajifunga.

Kisha nunua futi mpya. Nzima, inayoanzia sifuri. Najua utalia. Ya Mama iache kwenye msumari wake, ina kazi bado. Nenda hospitali na hiyo mpya, usingoje waje. Mwambie mkuu wa manesi utawapima wote wakiwa kazini, mmoja mmoja, bure, na mwisho wa mwezi akitoa kazi ya sare mpya atajua aitoe kwa nani. Kwenye kila kipimo weka tarehe. Watu hunenepa, watu hukonda kwa mawazo, mwili wa mwaka juzi si wa leo. Mpole ameiba miili ambayo haipo tena.

Na angalia unachomwandikia mtu pembeni. Kwenye programu yetu kuna bibi mmoja, mtu wa ofisini alimwandikia "msumbufu." Miaka mitatu kila mpakiaji alimfikia amekunja uso. Nikaja kumwuliza, kumbe siku ile kitanda chake kiliachwa kwenye mvua, akasema tu. Neno likishaingia humo halitoki. Mimi mwenyewe Kengele alinibandikia mkwaruzo wa meza alioufanya yeye, na bado uko kwenye jina langu. Ninamngoja. Kwa hiyo yale ya bega la mzee yaandike tena vilevile, kwa heshima.

Najua shangazi atakuja na machozi yake, atakwambia damu ni moja. Mpe kiti naye. Wakati unatokwa na damu wodini, mwanawe hakuja hata kukuuliza hali. Sisamehi, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Sina picha ya kutuma, simu yangu kioo kimepasuka. Kwa fundi bomba nimekuwekea mkasi mmoja wa kukatia, mzito, wa kushoto kama mkono wako. Usimwazime mtu.

Nisalimie shemeji na mguu wake. Wabusu pacha, wa mbele na wa kinyumenyume. Msalimie fundi wako wa mashine, aliyekataa kuvuka barabara alipoitwa. Mwambie nimemweka moyoni. Msalimie shangazi, ni dada wa baba, sina ugomvi naye. Mwanawe usimfikishie hata kikohozi changu.

Mungu aitie nguvu mikono yako, akufungulie mlango wako mpaka uchoke kuufunga, na wanao wakue wakikuona unasimama.

Nimebakiza moja. Mpole anaoa mwishoni mwa mwaka, shangazi aliniambia mwenyewe. Vipimo vyake navyo vimo kwenye daftari lile; mafundi wake hawatamweza, suti itampwaya, na kiburi kitamwisha. Atavuka barabara. Atasimama mbele yako anyooshe mikono, akiita dada, dada. Mpokee vizuri. Mwandikishe kwenye programu kama mteja yeyote. Kisha toa futi ya Mama kwenye msumari, umpime kifua, bega, mkono na shingo, taratibu, bila haraka. Na ukifika kwenye kitambaa, usitoe mbili.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko mgongo wangu,

Pasi