Kigumba cha Baba Kimefika Laeken

Saint-Gilles, Brussels
Jumapili

Kwako kaka Elisha,

Shikamoo. Umeona, nimeanza na shikamoo. Mama alitulea hivyo, mkubwa huamkiwa hata kama umemkasirikia, na mimi nimekukasirikia kaka, tena sana. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Na mguu wa mama je, bado anaukanda kwa maji ya moto? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na utajua sasa hivi kwa nini.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Ujumbe wa simu ungeusoma juu juu ukiwa kijiweni, ukanitumia kile kidole gumba chako, basi yakaisha. Haya hayaishi kwa kidole gumba. Kaa chini usome.

Unamkumbuka yule mzee ninayemhudumia kule Laeken, mzee Firmin. Nilikusimulia habari zake mpaka ukanichoka. Asubuhi namwogesha, namnywesha kahawa yake, halafu tunaketi mezani na vigumba vyake. Tangu ujana anakusanya vile vichwa vya chuma vya mishale ya kuwindia, vya viwanda vya zamani, vingi vya Marekani, kabati zima la droo. Macho yake yamekwisha, kwa hiyo vidole vyangu ndiyo macho yake. Nampa habari: makali mawili au matatu, matundu mangapi, shingo imechomelewa au imepigwa ribiti, kuna mhuri au hakuna. Yeye anafikiri, anataja kiwanda na miaka, mimi naandika kadi. Mtoto wa mfua chuma nitaachaje kuipenda kazi kama hiyo?

Ndiyo maana nilikuwa nakupigia picha vile vilivyo adimu. Nilikwambia hiki kina kosa la kiwandani, vilitoka vichache tu, watu wanakitafuta kama dawa. Ukaniuliza, "Kwani vya mikono ya watu wa kwetu hawavitaki?" Na mimi, mpumbavu nisiye na mfano, nikakujibu wanavitaka mno, nikakutumia na ule ukurasa wa mtandaoni wanakouziana. Nilidhani umeanza kuipenda kazi ya baba ukubwani. Nilifurahi, kaka. Hata mzee Firmin nilimwambia, kaka yangu naye anauliza.

Jumanne iliyopita kikaja kifurushi. Mzee alikuwa amenunua kitu kwa mchuuzi mmoja wa huku huku. Akaniambia, "Daudi, hiki ni cha kwenu Afrika. Nimekinunua kwa ajili yako, hebu nisomee." Nikafungua, nikakishika. Wala sikuhitaji kukitazama. Bawa la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia.

Unajua kwa nini liko chini. Hukuwepo siku ile, ulikuwa Singida mjini kwenye shughuli zako, lakini nilikusimulia. Ilibaki siku moja nisafiri. Baba alikuwa ameshaacha kufua, mkono unatetemeka, akaniita, "Njoo tufue kimoja cha mwisho." Akachukua kipande cha springi ya gari, mimi nikavuta mivukuto, nikashika na koleo. Nilikuwa nalia na sikutaka anione. Nikageuza uso, koleo likateleza, nyundo ikaangukia bawa la kushoto. Nikamwambia tukirudishe motoni tukinyooshe. Akasema, "Kiache. Hiki hakiuzwi. Hiki nitaondoka nacho." Halafu akakata alama zake tatu kwenye shina, pale panapoingia kwenye uti wa mshale. Jumanne nilizipapasa, moja, mbili, tatu, na kahawa ya mzee inapoa.

Aliposema ataondoka nacho sote tulielewa. Babu alizikwa na nyundo yake ndogo, ndiyo desturi ya nyumba yetu, mchungaji alinung'unika mwisho akazoea. Baba alipofariki sikuweza kuja, kibali changu cha kukaa huku kilikuwa bado. Nikakuomba jambo moja, umzike na kigumba chake. Moja tu, Elisha! Ukanitumia video: umeshika kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri, unashuka kaburini, unakiweka juu ya jeneza, usawa wa kifua cha baba. Niliitazama nimesimama pale stesheni ya Porte de Namur, watu wananipita kushoto na kulia, nalia kama mtoto. Nikakuandikia, "Asante kaka, umenibebea." Ukanijibu, "Usijali, ni wajibu." Wajibu!

Usiniambie kiliibiwa. Nilikwenda kwenye ule ukurasa niliokutumia mwenyewe, na tangazo lipo mpaka leo. Kigumba kimelazwa juu ya kitambaa cha meza cha mama, kile cha maua alichokifuma kwa mkono wake, na kando yake kuna kidole chenye kovu la panga. Kovu lile nalijua, nilikuwepo ulipojikata. Yule mchuuzi alikinunua hapo kwako, akamuuzia mzee.

Tena si kukiuza kulikonimaliza. Kilichonimaliza ni kadi iliyokuja ndani ya kifurushi. Mchuuzi alinakili maneno yako vilevile ulivyoyaandika: kigumba cha vita, miaka zaidi ya mia, mfuaji hajulikani. Hajulikani, kaka? Mtu aliyekuvisha, akakulisha, akakusomesha kwa nyundo hiyo hiyo, leo umeulizwa nani alifua ukasema hajulikani? Ungesema basi ni baba yangu, kisha ukauza. Nisingekusamehe, lakini jina lake lingebaki.

Mzee Firmin alikuwa bado anangoja nimsomee. Akauliza, "Kimevunjika?" Nikamwambia hapana, ila namjua aliyekifua. Nikamsimulia yote. Kifaransa kikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili, hakuelewa hata neno na hakunikatiza. Mwisho akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, akakisukuma kigumba upande wangu. "Hiyo kadi ni ya uongo, ichane," akasema. "Na hiki hakiwezi kulala kwenye droo yangu." Mtu baki, kaka. Mtu asiyemjua baba hata kwa picha.

Nilimweleza pia Maman Béa, yule mama wa Lubumbashi anayekaa chumba cha chini yangu. Akapiga makofi. "Ah non! Kaburi ya papa yake mwenyewe? Bon, lakini ule ni ndugu yako, Daudi, utamufanya nini? Utamutupa?" Nikapanda ngazi zangu.

Nilitaka kukituma kirudi nyumbani, kikakae na baba. Nikatafuta na boksi. Nilipofika pa kuandika jina la mpokeaji nikakwama na kalamu mkononi. Zamani ningeandika lako bila kufikiri. Sasa kipo hapa juu ya meza, karibu na chumvi.

Jana mama akapiga simu. Ameongea habari za mguu, za kuku, za mvua iliyochelewa. Halafu akasema, "Unajua Daudi, nikimkumbuka baba yenu najifariji kwamba alikwenda na ile kazi mliyoifanya pamoja. Siyo?" Kigumba kiko mbele yangu, naweza kukigusa. Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Sikuwahi kumdanganya mama, Elisha, hata siku nilipovunja chungu chake. Wewe umeniingiza kwenye uongo wako, na sasa tuko wawili humo.

Nisalimie shemeji, yeye hana kosa. Wanao wabusu. Shangazi mfuga kuku mwambie koti zito ninalo, asiwe na wasiwasi na baridi yangu. Mama msalimie sana, na tafadhali usimwambie kitu. Hilo niachie mimi.

Likizo yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Nitakuja nacho mwenyewe, mfukoni. Tutakwenda kaburini mimi na wewe tu, na jembe nitabeba mimi. Sitakupiga, sitakutukana, na shikamoo yako nitakupa kama kawaida. Ila kabla sijachimba nitakuuliza swali moja, nakupa miezi hii yote ulitafutie jibu: kile kitambaa cheupe ulichomshushia baba, ndani yake ulifunga nini?

Ni mimi mdogo wako, niliyeshika koleo,
Daudi