Cherehani Zangu, Tanuri Lake, na Mtoto Tuliyemgawana

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie maana kichwa kimenijaa. Mimi ni fundi wa nguo, mume wangu ni mwokaji mikate, tuna binti, Kidoti, anayeanza kusimama dede, na mume wangu nampenda, hilo nalisema mapema usije ukadhani nimechoka ndoa. Nilipoolewa nilikuja na cherehani mbili nilizoachiwa na mama mdogo, mume wangu alikuwa na tanuri lake, na sasa tunafanyia kazi chumba kimoja cha mbele, huku nguo huku mikate, hata wateja wananitania kwamba magauni yangu yananukia hamira. Basi mteja mmoja, karani wa mahakama, akaniambia wapo wanandoa wanaoandikiana mapema kipi cha nani na kipi cha wote, nikamweleza mume wangu, akacheka, akasema, "Mama Kidoti, lete kalamu." Tukakaa kitandani tukaandika: cherehani zangu, tanuri lake, biashara ya chumba cha mbele yetu sote. Kufika kwa Kidoti tukakwama, mwisho tukaandika kwamba mpaka aache ziwa ni wangu, akishaacha ni wa baba yake. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake akaja mama mkwe, na mume wangu kwa furaha zake akamsomea. Mama akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mkeo bado ananyonyesha na ameshafungasha?" Akanigeukia. "Na wewe, ulikuja kuolewa au kupanga chumba?" Mimi nimefunzwa mama mkwe hajibiwi. Mume wangu naye akawa anapangusa meza ambayo ilishapanguswa. Tangu hapo ananiambia tuichane ile karatasi tumridhishe mama, ila tukiwa wawili anakiri haoni ubaya wake. Shangazi, shule sikufika mbali, lakini moyo unaniambia lile jambo ni jema. Nichane au nitie saini? Mume sitaki aniponyoke, na kazi yangu nayo ndiyo iliyonifanya nijione mtu.

Mama Kidoti

*

Marahaba, Mama Kidoti. Usichane. Na saini usitie kwanza.

Pole kwa maneno ya mkweo, yamekuchoma bure. Makubaliano ya mali huandikwa kabla ya ndoa, na sehemu nyingi hata mkishaoana, kama nyinyi. Hayamfukuzi mtu. Yanamaliza ubishi wakati mngali mnasikilizana. Tena yanamlinda hata huyo mwanawe, mumeo. Hilo tanuri hakulisikia likisomwa?

Ila kwa Kidoti mmenichekesha kisha mkaniudhi. Mtoto unamgawaje, mama? Ni kitambaa huyo, ukate hapa suruali na hapa sketi? Futeni mstari huo leo. Wazazi wakitengana, mambo ya mtoto huangaliwa wakati huo kwa faida yake mwenyewe, na hakimu hafungwi na mlichoandikiana kitandani.

Mengine yawekeni wazi. Kila mmoja ataje alicho nacho na anachodaiwa, asifiche hata sindano, kwani kuficha ndiko kunakoangusha makubaliano. Mkinunua cherehani ya tatu pamoja, semeni itakuwa ya nani. Kisha nendeni kwa wakili, ikiwezekana kila mtu na wake, kwa sababu sheria hazifanani kila mahali, na karatasi ya chumbani inaweza isisimame mahakamani. Asilazimishwe mtu, si wewe, si yeye.

Nawe Baba Kidoti, najua utasomewa hii. Mama ni wako, kamwambie wewe. Kaa naye kwa heshima useme, "Mama, wazo tulilikubali sote wawili, mke wangu haendi popote." Akinuna, atanuna, kisha atakuja kumbeba mjukuu wake.

Mama Kidoti, kwa wakili usiogope kuonekana hujasoma. Mstari usiouelewa, mwambie arudie, hata akikunja uso. Ukishauelewa wa mwisho, na mumeo yuko kando yako kwa hiari yake, tia saini mwanangu, urudi nyumbani ukashone.