Kaka Alipopita na Beseni la Dagaa

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Bukima hatujambo, shangazi yako kajifungua salama. Umeuliza kama mtunzi anayejipitisha kwenye filamu yake ya shujaa anafurahisha au anakera.

Miaka ile ya kukosa hata sabuni, kaka yangu Magesa alitunga mchezo wa shujaa anayeruka, tukawa tunauchezaga kanisani. Shujaa nilikuwa mimi, gunia mgongoni kama mabawa. Kila mara yeye alikuwa anakatizaga mbele na beseni la dagaa, watu wanacheka, nami nasahau maneno. Nikamwambia, “Kaka, unatuharibia.”

Mara ya mwisho hakupita. Sikukosea hata neno. Mwezi uliofuata ziwa likamchukua.

Maneno yale yote ya mchezo yamenitoka kichwani, mjukuu wangu. Ninachokumbuka ni beseni likipita.

Bibi yako, Nyamisi