Nilimpigisha Mama Magoti

Jumapili, Mbale. Mvua inanyesha tangu asubuhi, nami nimejibanza kwenye benchi nje ya wodi, najifanya nasoma simu. Ukweli ni kwamba siwezi kumtazama mama usoni.

Wiki saba zilizopita mama aliwekewa nyonga ya bandia. Miaka mitatu alikuwa akitembea kwa kushika kuta. Baada ya upasuaji akaanza kwenda dukani mwenyewe, kule kwake Mpumudde, na fimbo moja tu. Daktari wa Jinja alitupa masharti: asikae chini, asikunje miguu, asipige magoti. Mimi ndiye niliyeitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi hodari.

Jana tulikuja huku kumzika baba mkwe wangu. Mama akawasalimia wazee wa ukweni akiwa amesimama. Kwetu Busoga mwanamke hasalimii wakwe hivyo, na hapa pia wanawake walianza kutazamana. Shangazi wa mume wangu akaguna. Mguno tu! Nikahisi uso unaniwaka. Nikamnong'oneza mama apige magoti kidogo, wasije wakasema sikulelewa.

Sikulelewa. Mimi, mwenye wajukuu wawili.

Mama alinitazama, akanipa fimbo, akashuka. Hakuinuka tena. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, mguu umegeukia ndani.

Hospitalini walimpa dawa ya usingizi, wakairudisha nyonga mahali pake. Leo daktari wa hapa, kijana kutoka kaskazini asiyejua lugha yetu, alimuuliza ilikuwaje. Mama akatoa Kiswahili chake cha kambini, cha enzi za baba kuwa askari magereza: "Daktari, mimi natembea tu, mguu natoka yenyewe."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza.

Sasa daktari anasema kama inatoka kwa kutembea tu, huenda haikukaa vizuri tangu mwanzo, na itabidi apasuliwe tena. Mama amekubali. Yuko radhi kurudi kwenye kisu ili mimi nisiaibike mbele ya wakwe. Nami, aibu yangu, nimekaa hapa nikifikiria nani atakuwepo daktari akirudi. Mume wangu atakuwepo. Shangazi naye, na chupa yake ya uji.

Najichukia.

Daktari anapita kesho saa tatu. Nitaongea kabla mama hajafungua mdomo, na shangazi asikie vizuri: hakuwa anatembea, daktari. Mimi ndiye niliyemwambia apige magoti.