Mimi Nampenda Mkunga, Ila Watu

Mpendwa mshauri, kwanza unisamehe, barua hii ilitakiwa ikufikie wiki tatu zilizopita, lakini kila nikishika kalamu mtoto anataka ziwa, na akilala yeye nalala mimi, na sasa maji yamenifika shingoni.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na mjumbe wa tawi la chama chetu. Jumamosi wajumbe wa matawi yote tunapiga kura ya mchujo kumpata mgombea urais. Waliobaki ni wawili. Mmoja tunamwita Mkunga, maana ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya ubunge. Alipopita tawini nilimwuliza habari ya dawa za zahanati akanijibu kwa tarakimu. Mwingine tunamwita Koti, kwa kuwa jua liwake vipi yeye havui. Nilimwuliza swali lilelile akanijibu kwa methali. Koti ameshagombea urais mara mbili akashindwa mara mbili, na wenzangu wanasema ndiye anayechagulika.

Tawi letu lina wajumbe kumi na mmoja, na wote nimewapima sare za mkutano, kwa hiyo niliwauliza mmoja mmoja futi ikiwa kiunoni, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia. Kinyozi akasema, "Dada fundi, moyo wangu uko kwa Mkunga, ila watu hawatamkubali." Watu gani? "Si watu tu!" Muuza mkaa akasema vivyo hivyo, akaongeza kwamba Koti ana sura ya kwenye noti. Mwenyekiti mwenyewe alininong'oneza, "Mkunga ni jembe, lakini tuwe wakweli, watu..." akaniachia nimalizie.

Mwezi uliopita tukapiga kura ya majaribio, ya siri, kama ilivyo kawaida ya tawi letu, ili tujue tumesimama wapi. Koti kumi, Mkunga moja. Na hapo ndipo aibu yangu ilipo, mshauri, kwa sababu hata mimi nilimpa Koti. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye jina la Mkunga, nikawaza, je, nikiwa peke yangu, mkono ukahama.

Mama mkwe wangu, ambaye naye ni mjumbe, akanisubiri mlangoni. "Ile moja ni yangu. Ya kwako iko wapi, mwanangu?" Nikamjibu, "Labda karani kahesabu vibaya, mama." Kwa kinywa hiki hiki. Mama mkwe si mtu wa kuacha neno lilale, ameandika malalamiko, amekusanya sahihi nne, na Ijumaa mwenyekiti anamwondoa karani kwenye meza ya kuhesabia kura. Karani ni mwalimu mstaafu, anahesabu kila kura mara tatu huku analowesha kidole, hajawahi kudokoa hata chaki. Jana alikuja kuchukua suruali yake akaniuliza, "Binti, wewe uliona nimekosea wapi?" Nikajifanya nina pini mdomoni.

Naomba unitumie haya kabla ya Ijumaa: jina la anayechagulika kweli, kwa herufi kubwa, ushahidi wowote kwamba hao watu wapo, na wanaishi wapi, na maneno ya kumwambia mama mkwe, yasizidi mstari mmoja, maana mtoto hanipi nafasi ya zaidi.

Fundi Mwenye Pini

JIBU

Fundi wangu, pole. Ulezi na cherehani si mchezo, na siwezi kumcheka mtu anayelala kwa ratiba ya mtoto. Kwa mengine nitakucheka.

Jina sikutumii. Anayechagulika ni yule aliyepigiwa kura, njia nyingine haijagunduliwa bado. Koti wenu nchi nzima imemkataa mara mbili, na bado mnamsifu. Wewe fundi, ukiletewa kitambaa kilichochanika mara mbili, utasema kina uzoefu?

Hao watu nimewatafuta, nimewakuta humohumo kwenye barua yako. Kinyozi anamwogopa muuza mkaa, muuza mkaa anamwogopa mwenyekiti, mwenyekiti anakuogopa wewe. "Watu" wa kinyozi ni wewe, dada! Kama nchi itampenda Mkunga, silijui hilo, nawe hulijui, na Koti halijui. Unalolijua ni unayemtaka. Jumamosi piga kura yako. Ya watu waachie watu.

Lakini mchujo si shida yako ya kwanza. Uoga wa kwenye karatasi ulikuwa siri yako. Ule wa mlangoni umemvika karani, mzee wa watu, nguo ambayo hukumpima. Akiondolewa mezani Ijumaa, atakwenda nayo kaburini, na wewe utaendelea kumshonea suruali?

Leo hii mbebe mtoto mgongoni, mwambie mama mkwe, kisha mfuatane hadi kwa mwenyekiti, malalamiko yafutwe karani akiwepo anaona. Mama mkwe atafoka. Mwache afoke, amekuwa na ujasiri peke yake mwezi mzima, amechoka.

Mstari ulioomba ni huu: "Mama, karani alihesabu sawa, ile ya kumi ya Koti ilikuwa yangu."

Toa pini kwanza.