Kinywaji Ulichomchanganyia Mama

Mtaa wa Seagate, Nambari 9,
Arbroath, Scotland.
14 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Innes,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Colette na mtoto hamjambo huko Halifax. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua. Hali ya Mama nitakueleza, na naomba uketi kwanza.

Kadi yako imefika. Unasema utakuja Krismasi, na unauliza kama zile chupa bado zipo ili umtengenezee Mama tena kile kinywaji cha marehemu Baba. Innes, una akili kweli?

Nakukumbusha Jumapili ile ya Agosti, kwa kuwa unaonekana umesahau. Nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia barafu ikigonga ndani ya chupa ya jamu. Ulikuwa umekamua machungwa mekundu, ukatia wiski, pombe tamu ya cheri na ile divai nyekundu yenye viungo, vyote sawa kwa sawa, kama Baba alivyokuwa akifanya kazini hotelini. Ukachuja kwa chujio langu la chai. Nikakusikia ukisema, "Onja tu, Mama. Hiki ni matunda matupu!"

Nilipofika sebuleni na mikono yenye povu, glasi ilikuwa tupu. Mama akaniangalia kama mtoto aliyefumaniwa. "Kitamu kama pipi," akasema. Nawe ukanicheka: "Dada, acha kununa. Glasi moja itamfanya nini?"

Miaka kumi na moja, Innes. Miaka kumi na moja hakugusa tone la pombe, na wewe ulijua. Ni wewe uliyekuwa ukimvua viatu akiwa amelala sakafuni. Ni wewe uliyeihama nyumba hii kwa sababu hiyo!

Jumanne ukapanda ndege, ukaacha chupa tatu kabatini, eti zawadi. Alhamisi nikamkuta anakamua machungwa mwenyewe. Wiki iliyofuata hakujisumbua tena na machungwa.

Unajua anavyopenda kukipiga kinanda cha kanisa. Mwezi uliopita, kwenye maziko ya Bwana Rintoul, jirani yetu, alianza wimbo, akaupoteza, akauanza tena, kisha akaanguka kutoka kwenye benchi mbele ya waombolezaji wote. Mjane ndiye aliyemwinua, Innes. Mjane mwenyewe, na jeneza likiwa pale pale. Mimi nilishindwa hata kusimama kwa aibu.

Tangu siku hiyo kinanda anakipiga mtu mwingine.

Kilichobaki kwenye chupa zako nilikimwaga kwenye sinki, na Mama akiwa amesimama kando yangu. Hakunizuia. Aliomba tu nifungue dirisha, harufu itoke. Kesho yake akavaa koti akaenda mwenyewe kwenye kikao cha wenzake wanaoacha pombe. Leo ana siku ishirini na tatu. Mikono bado inamtetemeka anapofunga vifungo, na hataki nimsaidie.

Anakutetea, kama kawaida yake. "Usimlaumu Innes. Mkono ulioinua glasi ni wangu." Mimi nakulaumu. Nitakulaumu asubuhi na jioni, na sitaona haya. Ulitaka akuchekee kwa siku tano, basi. Zilizobaki ukaniachia mimi.

Kadi yako nilitaka kuichoma. Mama akaninyang'anya, akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwambie aje," akasema. "Ila mwambie nitaketi mlangoni, na begi lake nitalipekua mwenyewe."

Basi njoo. Hiyo ni ruhusa yake, si yangu. Utalala kwenye kochi, utakunywa chai, na Jumanne utamsindikiza kikaoni kwa miguu, hata kama kuna theluji. Utamngoja nje mpaka atoke. Ukichelewa dakika moja, rudi kwa mkeo.

Nisalimie sana Colette. Yeye sina neno naye. Mbusu mtoto. Shangazi Una naye anakusalimu, ingawa maneno yake hayaandikiki.

Mungu akufikishe salama, maana nakusubiri kwa hamu, na si ya kukukumbatia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa shida,
Elspeth